Chupa ya Shamba Namba Saba

Baada ya miaka thelathini na minne ya kusaga nafaka za watu wengine, Mama Chupa wa chumba cha kusagia anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Uongozi umeniomba niandike kwenye jarida letu la maabara maneno matamu yasiyozidi ukurasa mmoja. Kuhusu ukurasa, nitajitahidi.

Alianza hapa maabara akiwa na miaka ishirini na sita. Alipokea maji, udongo na mchele kutoka mashambani, akakausha, akasaga, akachekecha, kisha akaleta kwenye mashine inayopima aseniki, sumu isiyo na rangi wala harufu ambayo visima virefu huitoa chini ya ardhi na kuimwagia mipunga. Mashine hiyo naiendesha mimi.

Usafi wake ulikuwa wa kutisha. Mkurugenzi aliyepita aliwahi kuingia chumba hicho cha kusagia na viatu vyenye vumbi; akavuliwa mlangoni kama mtoto wa chekechea, na sote tukaona kidole gumba kikichungulia kwenye soksi. Mama Chupa hakuomba radhi, wala mashine haikuwahi kukataa sampuli yake hata moja.

Kisha ukaja utaratibu wa mchanganyiko. Ili kuokoa dawa za maabara, tuliagizwa mchele wa mashamba kumi umiminwe kwenye beseni moja, ukorogwe, upimwe mara moja. Shamba lenye sumu likamezwa na tisa yasiyo nayo, na kila msimu wastani ukatoka chini ya kiwango cha sumu kinachoruhusiwa. Tukaandika kwamba eneo zima ni salama. Cheti cha pongezi kipo ukutani, juu ya birika la chai.

Mama Chupa alikoroga, kwa kuwa ameagizwa. Lakini alisimama kikaoni akasema hakuna mtu anayekula wastani, kila mtu anakula cha shamba lake. Kikao kilicheka, kikaendelea na ajenda ya mapazia. Tangu siku hiyo akawa anatunyang'anya chupa tupu za jamu na za dawa ya kikohozi, na kabla ya kumimina kwenye beseni anatia konzi moja ya kila shamba kwenye chupa yake, anabandika namba. Ndipo jina lilipotoka. Ni miaka kumi na tisa sasa, na chupa zimejaa kabati zima. Wiki ijayo kabati linatakiwa kwa karatasi za fotokopi.

Anahamia kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, ambalo wifi yake amekuwa akilitunza. Ni namba saba, la bondeni, lililo karibu zaidi na kisima. Wifi ana madoa meusi na sugu viganjani na kwenye nyayo, na familia inalaumu jembe. Jembe halishikwi kwa nyayo.

Saa ya ukutani tuliyomnunulia hakuiomba. Aliomba kitu kimoja tu, chupa ya namba saba ipimwe peke yake kabla hajaondoka. Alijaza fomu mara tatu, na mara tatu ikarudi bila sahihi, kwa maelezo kwamba eneo hilo lilishathibitishwa kuwa salama. Aliyethibitisha ni mimi. Niliona beseni miaka yote hiyo, nikanyamaza, nikapandishwa cheo. Naona aibu.

Alhamisi, wenzangu wakipuliza maputo ya sherehe, niliipima bila fomu. Ningeweza kukunong'oneza, Mama, lakini nimetaka uwe na karatasi ya kuwaonyesha majirani. Wakubwa wetu husoma aya ya kwanza, kisha hutafuta picha zao. Wewe husoma mpaka mwisho.

Namba saba, peke yake: mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa. Nimerudia mara tatu. Usile mchele ule, usinywe maji ya kisima kile, na wifi apelekwe hospitali na karatasi hii mkononi. Chupa zako nyingine nimezihamishia nyumbani kwangu, na nitazipima moja moja mpaka wanifukuze.

Asante kwa kazi safi uliyotufanyia sisi tuliokuwa tukiichafua. Tunakutakia maisha mema, huko tulikoandika kuwa ni salama.