Mstari Uliobaki na Mrija Uliochomolewa

Amahoro, ndugu zangu wa kikundi. Siku mdogo wangu aliponyimwa mrija wa pombe tulikuwa mimi, yeye, shangazi yetu, katibu, wauza ndagala wawili, wale wa dagaa wa Minago, na bibi mmoja mkamua mawese. Majina siyataji. Mnajijua.

Wazazi walipokufa niliacha shule, nikamlea kwa kupika mawese ya watu. Alipokua akaenda Sudani Kusini kubeba mizigo. Alirudi na homa, amekonda, tumbo limevimba upande wa kushoto. Hapa Rumonge kila homa ni malaria, na malaria isiyosikia dawa ni sumu.

"Huyu mutoto wamemulisha kitu," mlisema.

Nikanunua dawa za malaria mpaka akashindwa kusimama.

Daktari wa Bujumbura hakuanza na tumbo. Alimuuliza, "Kule ulikuwa unalala wapi?"

"Chini, karibu na vichuguu."

Tone la damu kwenye kikaratasi, mstari ukatokea. Kalazari, ugonjwa wa kimelea unaovimbisha bandama. Akachomwa sindano, bandama ikanywea, akaanza kuniamsha akitaka ugali.

Baadaye homa ikarudi. Kipimo kile kile, mstari ule ule. Habari ilifika huku kabla yetu. Tulipokizunguka chungu cha pombe, katibu aliuchomoa mrija wa mdogo wangu.

"Weye kunywa maji. Siye tuko na watoto."

Nilimrudisha kwa daktari. Akamtoboa mfupa, akatafuta kimelea chenyewe, hakukiona.

"Dada, kikaratasi hakioni mdudu," akasema. "Kinaona askari ambao mwili uliwafundisha kuitambua ngozi ya mdudu. Adui amekwisha, askari bado wanalinda, pengine kwa miaka. Homa hii ni malaria."

Nilicheka kwa uchungu. Safari hii ilikuwa malaria kweli, na ninyi hamkuitaka!

Ndugu zangu, nawaambia, kalazari huletwa na usubi anayeuma, si mrija. Niliwaeleza hapa hapa, mkainamia mirija yenu. Bibi yule peke yake alimpa mdogo wangu mrija wake, akangoja anywe, kisha akanywa bila kuufuta.

"Nyie wote damu yenu inakumbuka malaria," akasema. "Nani aliwafukuza?"

Murakoze, asante, kwa daktari. Murakoze kwa bibi, ambaye sasa yuko kaburini Kizuka; deni lake sitaweza kulilipa. Damu hukumbuka vita vilivyokwisha. Msimhukumu mtu kwa kumbukumbu ya damu yake.

Mdogo wangu amekaa pale mlangoni. Mrija wake nimekuja nao. Sitauchomeka chunguni mimi, deni hilo ni lenu.