Mama, Kazi Iliisha

Bandugu na badada, ile simu yenye ililia kule nyuma saa tulikuwa tunasali, tafazali musimukasirikie mwenye simu. Iko kosa yangu. Nitafika pale, munivumilie kidogo.

Mu hii kikundi tulisikia bajane, tulisikia bazazi benye balizika batoto. Miye sikuzika bibi, sikuzika mutoto. Nilizika mwenzangu wa kazi. Njo maana mwezi muzima niliikala hapa bila kufungua kinywa. Nilikuwa najiambia kilio yangu iko ndogo, niachie nafasi benye kuwa nayo kubwa.

Tulijuana kule Kasapa, ku iniversite, siye babili, tukasoma mambo ya mashini, ya kompyuta, pamoja. Kisha tukakodi chumba moja, tukaweka meza mbili, tukaanza kuandika programu kwa benye malori, ile ya kupanda Kinsevere ku mugodi, juu bajue lori iko fasi gani na ilibeba nini. Maandiko ya programu yetu tuliichunga ku mtandao, fasi yenye kila kazi iko na mulango yake. Kazi ikiisha, unafunga mulango. Lakini karatasi, bandugu! Tulikuwa bavivu ya karatasi. Tunamaliza kazi, tunasahau kutuma faktire, karatasi ya kuomba malipo, na mwisho ya mwezi tunashangaa juu ya nini hakuna mutu mwenye kulipa.

Njo mwenzangu akajenga daraja. Ukifunga mulango ya kazi tu, ile mtandao inaambia programu ya faktire, na faktire inaondoka yenyewe kwa kliya mwenye kulipa, na jina ya mwenzangu chini. Hakuna mukono ya mutu. Alifurahi sana siku ile, na akaongeza mustari moja ingine, ya mama yake.

Mama yake anaishi Naviundu, na alimusomesha na sombe, majani ya muhogo yenye alikuwa anauzisha. Alikuwa anamusumbuaka: "Weye unaikalaka tu mbele ya mashini. Kazi yenyewe iko wapi? Miye siionake." Basi kila mara faktire ikiondoka, simu ya mama inapata mesaji: *Mama, kazi iliisha. Niko muzuri.* Siye tuliona ni muchezo. Mama alikuwa anaionyesha majirani bote.

Mwenzangu alikufa mu siku tatu. Homa. Siku ya ine tulikuwa ku kilio, viti ya kukodi mu kiwanja, badada banaimba, na miye ninaangalia viatu yangu.

Kisha juma mbili nilirudia ku kazi. Meza yake niliiacha vile ilikuwa, na kikombe yake juu. Nilifunga kazi ya kwanza peke yangu, na faktire ikaondoka na jina ya mutu mwenye tulizika. Kliya mwenye malori akanipigia simu: "Bwana, sasa ni marehemu njo ananilipisha?" Nilimuambia nitatengeneza. Sikutengeneza. Nawaambia kweli, nilipenda kuona ile jina bado inatembea. Na ile mustari ya mama niliisahau kabisa.

Siku moja ya posho, mwisho ya juma, nilienda kumusalimia mama. Akatoa bukari, ugali yetu, na sombe, akaweka sahani tatu. Tulikuwa babili. Nikauliza: "Mama, kuko mugeni?" Akanipa simu: "Soma."

Nilisoma. Mesaji saba, zote za kisha maziko. Mama, kazi iliisha. Niko muzuri. Saa ya kila moja niliijua, juu ni miye nilifunga zile kazi.

"Padiri anasema tumalize kilio," mama akaniambia. "Bandugu nabo banasema wakati ilifika. Lakini nitamaliza namna gani kilio ya mutu mwenye ananiambia iko muzuri?"

Bandugu, nilianguka pale, mbele ya ile sahani ya tatu. Maneno ilikuwa ku ulimi. Lakini mama alikuwa anacheka, na tangu maziko sikumuona kucheka. Nikanyamaza, nikakula.

Niliporudia, nikafungua lile daraja, nikaiona ile mustari. Kufuta mustari moja haiombe hata dakika. Sikuweza. Ilikuwa sawa kumuzika mara ya pili, na sasa bila batu ya kunisaidia kubeba. Kisha nikafanya mubaya zaidi: nikaanza kukata kazi vipande. Kazi moja niliifunga mara kumi, juu mama apate mesaji kumi. Ule mwenye malori akakuya mwenyewe na jasho yake, akatupa karatasi ku meza: "Faktire kumi, juu ya kubadilisha rangi mu programu tu? Unaniona mujinga?" Akaenda zake, na bakliya bengine bakamufuata.

Sikukuwa nakula tena. Nikifunga kazi, ninageuka ku meza ingine na kusema: "Ndugu, ilienda." Kisha ninanyamaza, kumuachia nafasi ajibu. Hii ninaogopa kuisema hata leo. Sikusikia sauti, hapana. Lakini ile kimya ilikuwa yake. Niliijua vile munajua mutembeo ya mutu ya nyumba yenu.

Asubui moja jirani ya mama akanipigia: "Kuya mbio. Mama anaondoka na kitunga, anasema anaenda Kinsevere kwa mutoto wake."

Kinsevere! Na ile barabara, na ile malori! Nilipanda pikipiki, nikamukuta fasi bus inasimamaka, anaikala mu vumbi, kitunga ku magoti. Ndani mulikuwa sahani, alifunga na kitambaa, bado ya moto.

"Ulikuya muzuri," akasema. "Utanionyesha fasi anatumika."

Nikapiga magoti. Nilimuambia yote: mulango, daraja, mustari, vipande. Bus ikakuya, ikaita batu, ikaenda. Kisha mama akanipiga kofi, bandugu, kofi ya mama, mbele ya batu bote. Na akasema: "Nipeleke ku hiyo mashini."

Aliikala ku kiti ya mutoto wake. Hasomake sana, lakini ile maneno aliijua. Akaweka kidole ku kioo.

"Ni yeye njo aliandika?"

"Ni yeye, mama."

"Saa alikuwa muzima?"

"Saa alikuwa muzima."

"Basi yeye alisema kweli. Ni weye njo ulimufanya aseme uongo."

Mama akaendelea, polepole: "*Kazi iliisha*, acha. *Niko muzuri*, futa. Ile ni maneno ya mutu muzima. Na uweke jina yako, nijue ni weye. Siku utakuwa muzuri, utaiandika weye mwenyewe."

Nilifuta. Tulilia sana, siye babili. Kisha tukafungua kitunga na kukula ku meza yake. Sahani ilikuwa moja.

Kilio tulimaliza kisha mwezi. Ku faktire niliweka jina yangu. Ule mwenye malori nilimuomba musamaha, akanichekelea mbele ya bashofere yake bote, akarudia. Kikombe niliosha. Lakini sitabadanganya: nikifunga kazi, shingo inageuka bado.

Ninashukuru ule jirani mwenye hakunyamaza. Ninashukuru ninyi bote hapa, munanisikiliza bila kuangalia saa. Na kama muko na nafasi ya neno moja kutoka kwangu, ni hii: mashini haiendake ku kilio. Haiyuwe mutu alikufa, itamutaja mpaka mutu aiambie. Siye tunayuwa. Ukiona mwenzako anaweka sahani ya tatu, usifanye sawa miye, usinyamaze na kukula. Umuambie, hata akupige kofi.

Sasa ile simu. Mbele ya kuingia hapa, kule inje, nilifunga kazi moja; mtandao ikakawia, mesaji ikafika saa ya sala. Mama iko kule nyuma, na kitambaa ya buluu ku kichwa. Musigeuke bote, atasikia haya. Mesaji inasema *Mama, kazi iliisha*, na jina yangu. Na leo, mara ya kwanza, niliongeza na mukono yangu: *Niko muzuri kidogo.*

Hajaisoma bado. Mama, fungua simu.