Saini ya Breki Kumi na Mbili

Ndugu wafiwa, majirani, na Padre wetu, mimi Rumen, mdogo wake pekee, ndiye niliyepewa kazi ya kuyasoma maisha ya marehemu, na nitayasoma yote.

Mhandisi Zdravka Kolarova alizaliwa tarehe 3 Aprili 1955 hapa Sliven, mtoto wa kwanza wa mfumaji Penka na seremala Mincho, akahitimu chuo cha ufundi cha mjini Sofia mwaka 1978, akaajiriwa katika kiwanda cha lifti, kitengo cha kupima breki za dharura, na mwaka 1980 akaolewa na Tihomir, wakajaliwa binti mmoja, Yoana.

Februari 1999 alizipima breki kumi na mbili kwenye chumba cha baridi kali, nne zikateleza, naye akakataa kutia saini cheti cha kuzipitisha. Mkurugenzi akamwambia baridi ya namna hiyo huja mara moja kwa miaka kumi, akajibiwa kwamba mtu naye huanguka mara moja tu. Basi nikaitwa mimi, niliyekuwa chini yake kazini, nitie saini badala yake. Dada akanikuta kantini.

“Rumen, mimi nimeziona zikiteleza. Wewe hukuwepo. Usitie saini.”

“Dada, nisipotia mimi, atatia mwingine.”

“Basi mwache huyo mwingine.”

Nilitia saini. Wiki ile ile akafukuzwa, nikapewa meza yake.

Januari 2002, katika baridi kali, lifti mojawapo yenye breki zile ilianguka kutoka ghorofa ya saba, ikaua mwalimu mstaafu na mjukuu wake. Dada alitoa ushahidi, ukaitwa kinyongo cha mtu aliyefukuzwa, cheti changu kikakubaliwa, kesi ikafutwa. Akauza mikate miaka kumi na minne, na kila msimu wa baridi akaiandikia wizara kuhusu breki zile, akajibiwa kwamba barua imepokelewa.

Oktoba 2018 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki juzi, tarehe 5 Februari 2019, saa nne asubuhi. Siku moja kabla nilimwomba msamaha, akaniuliza, “Zile nyingine zimeshabadilishwa?” Nikasema bado. Akageukia ukutani, hakusema nami tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuchemshia ngano ya msiba, na wafanyakazi wenzetu mlioleta shada la maua lisilo na jina.

Lifti kumi na moja zenye breki zile bado zinapandisha watu, nami sijui ni katika majengo gani. Lala, dada, wewe ulisema kweli.