Rezista ya Shangazi Waya

Wanachama wa ukumbi na wenzangu wa karakana, hamjambo? Afya zenu zinaendeleaje? Wenye magoti yanayouma, poleni. Wenye kikohozi kisichosikia dawa, Mola awaondolee. Mimi ni mzima, isipokuwa kidole gumba, ambacho nilikiunguza majuzi katika shughuli nitakayoieleza mbele. Mkiona maandishi haya yanachechemea, basi ni mwandishi pamoja na kidole chake.

Siku ya mwisho ya mwezi huu, Shangazi Waya anastaafu baada ya miaka thelathini na moja kwenye karakana yetu iliyo nyuma ya ukumbi. Katibu alipotafuta mtu wa kumwandikia wasifu, wenye kalamu nzuri wote walikumbuka ghafla kwamba wana safari. Nikabaki mimi, mtunza stoo, ambaye insha zangu za shule zilikuwa zikirudi na wino wa mwalimu mwingi kuliko wangu. Nikamwomba Mungu, nikakaa kitako.

Kwa walio wageni, vigari vyetu vidogo vya umeme hukimbia juu ya meza ndefu, kila kimoja katika mfereji wake, na dereva hukiendesha kwa kishikio chenye waya. Ukibana kifyatuo, ulimi mdogo wa shaba huteleza juu ya rezista, yaani waya mwembamba uliozungushwa kwenye kipande cha kigae, na kadiri unavyobana ndivyo umeme unavyoachiwa upite. Vishikio vingi tunavyoletewa ni vya zamani. Vimelala darini miaka nenda miaka rudi, shaba imeota kijani, na buibui amehamia humo na ukoo wake. Kazi ya Shangazi ni kuvirudisha duniani.

Aliingia hapa kama mfagiaji. Mzee wa Koleo, fundi mkuu wa wakati huo, Mungu amrehemu, aligundua kwamba huyu mama akifagia huokota kila kipande cha waya, hukinyoosha na kukipanga kwa unene wake. Akamnyang'anya ufagio, akampa kiti. Ufagio ulikaa pembeni mpaka nilipoajiriwa mimi, na wapo wanaoamini kwamba ufagio huo ungepewa stoo badala yangu ungekuwa na faida zaidi.

Shangazi alinifundisha kwamba rezista kongwe husafishwa kwa kifutio cha penseli, taratibu, kwa kufuata waya. Mimi kwa uvivu wangu nilichukua msasa. Nilisugua mpaka ikang'aa kama sufuria ya bibi harusi, na nilipoigeuza, nusu ya waya ilikuwa imebaki kwenye msasa. Shangazi aliitazama, akanitazama, akasema nimeinyoa vizuri, sasa niipake mafuta niipeleke kwao. Tangu siku hiyo, kila nikipita na msasa, karakana nzima hujishika vichwa.

Kuchagua rezista ndiko kulikompa jina. Sheria ya kwanza imebandikwa ukutani, hata mimi naisoma: mota yenye njaa ya umeme hutaka omu, yaani kipimo cha rezista kuzuia umeme, chache, mota pole hutaka omu nyingi. Ukikosea, kigari kinagoma mpaka umebana nusu, kisha kinaruka kama mbuzi aliyekata kamba, na kishikio kinachemka mkononi. Sheria ya pili haipo ukutani. Shangazi akishajua mota, humpa mteja chupa ya chai na vikombe viwili, na kumwomba awamiminie wote wawili. Yeye haangalii chai, anaangalia mkono. Anayemimina kwa pupa huongezewa omu kidogo ili zimtulize. Anayemimina kwa hofu, tone kwa tone, hupunguziwa, zimchangamshe. Halafu hujaribu kishikio mezani, na akimaliza hukigusisha kwenye kifundo cha mkono wake, kama mama anayepima joto la maziwa ya mtoto.

Siku yangu ya kwanza nami nilimimina. Chai iliingia kwenye kisahani, kwenye kitambaa cha meza na kwenye kiatu cha Katibu. Shangazi alinipa rezista yenye omu nyingi kuliko zote karakanani, akasema, "Mwanangu, wewe na mwendo wa kasi mtakutana mbinguni." Bado ndiyo ninayoitumia. Katika mashindano ya mwisho wa mwaka bado nakuwa wa mwisho, lakini kigari changu hakijawahi kuanguka, na kwa hilo namshukuru Mungu, kwa kuwa sina lingine la kujivunia.

Niliwahi kujaribu kumwiga. Shangazi alikuwa amekwenda kumwona mjukuu, akaja fundi cherehani wa mtaa wa pili. Nikampa chupa ya chai, nikakunja uso kama mtaalamu. Alimimina kwa ustaarabu kabisa. Nilichosahau ni kwamba fundi cherehani huendesha maisha yake kwa mguu. Mikono yake ilikuwa na adabu kwa sababu ya ugeni tu. Nikadhani ni hofu, nikampa omu chache. Kona ya kwanza kigari kiliondoka mezani, kikapita juu ya kichwa cha mhasibu, kikatua kwenye kapu la vitambaa vya kanga alivyokuja navyo fundi mwenyewe. Shangazi aliporudi na kusimuliwa, alisema hicho nilichotengeneza si kishikio, ni kombeo.

Sasa niwaambie la moyoni. Shangazi hastaafu kwa kuchoka. Tangu mvua zilipoanza, mkono wake wa kulia unatetemeka. Hakusema. Tuliona tu kwamba koleo dogo limehamia kushoto. Kuna siku alijaribu kigari chake mwenyewe, chekundu, kwa kishikio cha kahawia ambacho Mzee wa Koleo alimchagulia rezista yake, kikaanguka kabla ya kona. Akakiokota, akakipangusa, akakirudisha kabatini. Kesho yake akaandika barua ya kustaafu.

Lakini desturi yetu ni kwamba anayestaafu ndiye hufungua mashindano kwa kuzunguka meza peke yake, watu wote wakitazama. Kinyozi hajinyoi, na Mzee wa Koleo hayupo. Basi Shangazi alikuja stoo, akaweka kishikio cha kahawia mbele yangu, akachukua chupa, akanimiminia chai. Nilitaka kuangalia dari. Nikajilazimisha kuangalia mkono.

Rezista ya kwanza niliichagua kwa huruma, na huruma si fundi. Nilimpa omu kama zangu. Kigari chekundu kilitembea kana kwamba kinasindikiza jeneza. Shangazi alinigeukia, macho makavu: "Nastaafu mwanangu, sijafa!" Akanirushia kishikio, akaenda zake.

Nililala na aibu hiyo. Asubuhi, katikati ya sala, Mungu anisamehe, nilikuwa nikikiona kikombe. Nikakumbuka kwamba chai ilitetemeka mwanzo tu, pale alipoinamisha chupa. Ilipokwisha kushika njia, ilitoka imenyooka kama uzi, kama zamani. Mkono ule uliogopa kuanza, haukuogopa kwenda.

Nikazungusha waya mwenyewe: mwembamba na wa karibu karibu mwanzoni, ili kigari kiondoke kwa upole, kisha mnene na wa mizunguko michache kuelekea mwisho, ili akishashika njia apewe kasi yake yote. Ya kwanza iliungua, na kidole gumba changu kikaungua nayo. Ya pili ilijifunga fundo. Ya tatu ilikaa. Niliisugua kwa kifutio, msasa nikaufungia kabatini, nikaipima kwa kifundo cha mkono. Ilikuwa vuguvugu tu.

Shangazi alikuja kukichukua kishikio Ijumaa iliyopita wakati nimekwenda kusali. Hapa kwetu, kishikio kisichompendeza mtu huachwa kwenye rafu bila maelezo. Niliporudi nilitazama rafu, nikaipapasa hadi nyuma. Ilikuwa tupu, na kwenye meza yangu palikuwa na kikombe cha chai kilichojaa, kisahani chake kikavu kabisa.

Shangazi Waya, kwa niaba ya karakana, ukumbi, na buibui wote uliowahamisha, tunakushukuru. Mungu akupe umri wa kutosha kuwafundisha wajukuu kumimina chai, na mapumziko yasiyo na haraka wala breki za ghafla. Ukifungua mashindano Jumamosi ijayo, mimi nitakuwa karibu na kona ya kwanza na kapu, si kwa kukosa imani nawe bali kwa kujijua mimi.

Ila kikombe si jibu, na mimi ni mtu wa kuhangaika. Kabla ya Jumamosi naomba uniandikie au uniletee neno: je, kishikio ukikishika kwa muda mrefu, kinapata moto? Tafadhali nijibu mapema, waya bado ninao.