Jiwe Nililolitolea Ushuhuda Kabla Halijatoka

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa zote, nami nipewe fimbo ninayostahili! Nimesimama kukiri jambo nililolikana kwa nusu mwaka. Ule ushuhuda niliowapa hapa hapa, wa jiwe lililoyeyuka, haukuwa kweli.

Mnaukumbuka. Mlipiga makofi. Mama mmoja wa Kachibora alilia mpaka leso ikalowa.

Wengi mnanijua. Nafundisha chuoni hapa Kitale, nakaa Kibomet, na nina digrii mbili ambazo katika habari hii hazikunifaa kitu. Chuoni kwetu ufunguo wa choo cha wafanyakazi hukaa kwa naibu mkuu, na ukiutaka sharti umwombe mbele ya watu. Mimi na heshima zangu niliona afadhali nisinywe maji. Kwa miaka mingi nilipitisha siku nzima kwa kikombe kimoja cha chai, nikajiona mwanamke mwenye adabu. Kumbe nalima mawe.

Maumivu ya kwanza yalinikuta nikisahihisha mitihani. Yalianzia ubavu wa kushoto yakashuka hadi kinenani, nikajikuta nimepiga magoti sakafuni, wala si kwa maombi. Mkojo ulitoka na damu. Picha ya hospitali ilionyesha jiwe kwenye mrija unaotoka kwenye figo, nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili kupigwa picha nyingine.

Ijumaa ile mliniombea. Jumamosi niliamka sina maumivu. Jumapili nikasimama hapa nikatangaza kwamba jiwe limeyeyuka! Picha ya pili niliiona kama kumsahihisha Mungu kwa kalamu nyekundu. Sikurudi.

Ndugu zangu, jiwe laweza kunyamaza bila kuondoka. Baada ya wiki chache ubavu ulianza tena, safari hii kwa uzito tu, kama mtu aliyeniegemea na hataki kuondoka. Mkojo ukawa na ukungu, ukanuka. Ningemwambia nani? Nilikuwa nimeshaalikwa kurudia ushuhuda ule katika makanisa mawili mengine, na nilienda, na niliusema vizuri kuliko mara ya kwanza. Maumivu nikayaita mgongo. Nikalaumu kiti cha ofisi. Nikanunua kingine.

Wakati wa likizo nilienda Matulo kwa dada yangu mkubwa, Rosa. Wageni walikuwa wanakuja kuzungumza mahari ya binti yake. Tulikuwa uani tunachagua mchele, jua la saa nane limewaka, nikaanza kutetemeka hadi ungo ukaniponyoka.

"Nasimiyu, ni nini?"

"Mgongo tu, dada."

"Mgongo gani inagonganisha meno? Si ulisema hiyo jiwe iliisha?"

"Iliisha."

"Sawa. Basi ni baridi ya Matulo, na jua yote hii." Akanigusa paji la uso, akaacha kucheka. "Ingia kwa gari. Wageni watakunywa chai. Bibi arusi haendi mahali."

Katika hospitali ya Bungoma alinipokea daktari msichana, umri wa wanafunzi wangu. Jiwe lilikuwa palepale. Lilikuwa limeziba mrija, figo imevimba na kujaa usaha, na maambukizi yameingia kwenye damu.

"Mama, hii ilianza lini?"

Nilifungua kinywa niseme jana. Rosa alikuwa ananitazama.

"Nusu mwaka," nikasema.

Ndugu zangu, wokovu wangu ulianzia kwenye maneno hayo mawili. Usiku haukupita kabla hawajanipitishia mpira mgongoni kukamua ule usaha. Siku tatu sikujua niko wapi. Nilipozinduka, Rosa alikuwa anasuka kikapu kando ya kitanda.

"Dada," nikamwambia, "nitawaambia nini kanisani? Watasema Mungu ameshindwa."

"Nani alikutuma umtetee Mungu? Ako na kesi wapi?"

Jiwe lilitolewa baadaye, nikaliona kwa macho yangu: dogo kuliko punje ya mahindi. Lakini figo ilikuwa imekaa kwenye usaha muda mrefu. Daktari alisema wataipima, na kama imekufa itatolewa. Angenipigia simu.

Jumanne nilimwomba mchungaji nafasi hii, kabla sijajua jibu. Nilitaka niseme kweli hata ikiwa figo imekufa. Kwa hiyo nawaambia kwa utulivu: kama kuna mtu hapa amefunika maumivu kwa ushuhuda, aje kwangu tukitoka. Tutaomba, kisha nitamsindikiza akapigwe picha. Mtumaini Bwana! Yeye haogopi picha. Namshukuru kwa maombi yenu ya Ijumaa ile, kwa dada yangu, na kwa mikono ya yule msichana.

Simu ililia Alhamisi, niko jikoni nakata sukuma.

"Mama, ni daktari wa Bungoma. Figo inafanya kazi. Haiko kama zamani, lakini hatutaitoa."

Nilikaa chini, kisu mkononi.

"Mama, uko? Unakunywa maji vile nilikwambia, glasi nane?"

Nane ilikuwa kwenye ulimi kabisa.

"Tano," nikasema.

"Asante kwa kuniambia," akacheka. "Sasa amka, uchukue ya sita."

Nikaamka.