Harun na Kipimo cha Nyangumi

Ijumaa baada ya swala, benchi la nje ya kafeteria ya Umm Salal, hapa Qatar, huwa letu. Karaki, ile chai ya maziwa na iliki, ikifika tu, Oloo anaanza kufundisha. Ni dereva, lakini tunamwita Profesa kwa sababu hakuna asilolijua. Ila Ijumaa hiyo ya mwaka 2014 Harun hakuwa na raha. Amekaa miaka sita kando ya jenereta za ujenzi kule Lusail, na Jumapili kampuni inampima masikio. Akifeli, mkataba hauongezwi. Nilimhurumia kweli, ingawa nilicheka pamoja na wengine.

OLOO: Mushkila iko wapi, buda? Unafungiwa kwa kale kachumba, unavaa hedifoni, unashika kitufe cha kubonyeza ukisikia mlio. Hesabu tatu, bonyeza. Hesabu tano, bonyeza. Khalas!

Milka, nesi wa kliniki ya masikio, akatikisa kichwa.

MILKA: Atashikwa. Kuna mahali tunanyamaza makusudi. Ukibonyeza hapo, tunajua unabahatisha. Hata nyangumi hupimwa hivyo.

HARUN: Nyangumi gani tena, sista?

MILKA: Wale wa kufugwa kwa madimbwi ya maonyesho, huko ng'ambo. Daktari wetu alituonyesha video. Akisikia mlio anapiga mluzi, anapewa samaki.

OLOO: Mimi ningepiga mluzi mpaka samaki waishe!

MILKA: Ndiyo maana wengine hawaulizwi. Wanabandikwa vikombe vya mpira kichwani, sauti inachezwa, mashine inasoma ubongo wenyewe. Nyangumi wazee kadhaa walipatikana hawasikii tena milio myembamba.

OLOO: Ubongo? Harun, jipake mafuta ya nazi kichwani, vikombe viteleze!

JAPHETH: Wacha mafuta. Nyangumi anasikia na taya, nilisoma mimi. Shusha hedifoni hapa kwa kidevu, uone.

OLOO: Na asiongee mpaka Jumapili, taya ipumzike.

Japheth ni mlinzi wa lango. Huwa anasoma kila gazeti linalosahauliwa. Tulicheka mpaka karaki ikamwagika. Hadijah, Mganda aliyeanza kazi ya hoteli wiki tatu tu kabla ya hapo, alikuwa bado anapuliza chai yake.

HADIJAH: Naye nyangumi, wakikuta hasikii, wanampeleka wapi?

Tukamtazama Milka.

MILKA: Kusema ukweli, dada, sijui. Video iliishia kwa kipimo.

Harun akajikuna sikio la kushoto, lile linalosikia vizuri, analolalia ili asisumbuliwe na wenzake chumbani.

HARUN: Basi Jumapili nitabonyeza pale nimesikia tu.

OLOO: Na ukifeli?

HARUN: Nikifeli nitarudi nyumbani Mumias. Mama yuko, watoto wako, watanipigia kelele nisikie. Huyo mwenzangu nyangumi alizaliwa kwa dimbwi, hana pa kurudi.

Kisha akaitisha karaki nyingine sita, na akamsukumia Hadijah ya kwanza.