Kikombe cha Arnetta na Masomo ya Verlene

Benchi la nje ya kinyozi, mtaa wa Arobaini na Saba, Chicago, halikuwa la kungojea kunyolewa. Wenye nywele waliingia ndani, wenye maneno wakabaki nje. Jumamosi hiyo ya Juni, Otha Gaines, aliyeitwa Posta kwa kuwa ameichakaza miguu yake akisambaza barua, alikuwa hatulii. Anakaa, anasimama, anachungulia barabara, anakaa tena. Binti yake Verlene angemfuata hapo waende kupanda basi la Mississippi, kwenye kaburi la Arnetta, marehemu mkewe. Na kabla ya kupanda basi, Verlene alitaka jibu: anaomba ridhaa ya kuacha unesi ahamie masomo ya Watu Weusi, ambayo chuo kimeyaanzisha juzijuzi baada ya wanafunzi kugoma na kulala ofisini kwa mkuu wao. Posta alitaka kusema hapana, ila hakuwa na sababu ya kuiegemeza. Alikuja kuazima ya wenzake.

— Kaa chini, bwana, unatutia kizunguzungu, alisema Kikaango, mpishi wa mgahawa wa jirani, huku akimimina kahawa ya kinyozi kama ni yake.

— Nikae vipi? Mtoto amebakiza kidogo avae kofia nyeupe ya unesi! Hebu niambieni, masomo hayo lengo lake nini?

— Kuwanyamazisha, alisema Shemasi, ambaye ni shemasi kweli na tai haivui hata kwenye joto. Mtoto akilia unampa kijiko agongegonge. Wamepewa chumba, wapige kelele humo.

— Mbona wanasoma kwelikweli? alisema Posta. Wanafundishwa mpaka Kiswahili. Jana Verlene kanisalimia kwa lugha hiyo, nikaduwaa kama nimeulizwa hesabu.

— Kiswahili! Kikaango akapaliwa na kahawa. Cha kumsemesha nani? Miaka yote niko kijiweni hapa, sijamsikia hata mmoja akikizungumza!

— Basi nimeshaelewa, Shemasi akainua kidole. Serikali inataka kuturudisha Afrika. Huwezi kumpakia mtu melini hajui hata kuomba maji huko aendako. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Methali hiyo si ya watu kurudishwa makwao, Shemasi, alisema Kikaango.

— Ina meli ndani yake. Na sisi tulikuja na nini?

— Meli ya kwanza hakuna aliyetufundisha lugha, alisema Posta.

Kikaango akaliinua birika, akajiongezea kahawa.

— Nyie hamuoni mbali. Tukihamia mtaa, wazungu wanahama. Tukiwafuata, wanahama tena. Mwaka jana wamefika wapi? Mwezini! Wanatafuta viwanja. Wakishahamia wote huko, dunia ataachiwa nani? Ndiyo maana tunafundishwa habari zetu wenyewe, tusije tukakabidhiwa dunia hatujijui.

— We Kikaango umekula nini leo? alicheka Shemasi.

— Cheka tu. Utanikumbuka siku ukikabidhiwa funguo.

Posta naye alicheka. Lakini hakuna lolote hapo la kumwambia mtoto. Akasimama tena, na safari hii Verlene alikuwa anakuja kweli, sanduku mkono mmoja na kitu kilichofungwa kitambaa mkono wa pili. Nywele ameziachia zimesimama, na kinyozi alichungulia dirishani kwa huzuni.

— Za asubuhi, wazee wangu.

— Njema, binti. Hicho ndicho kikombe cha mama yako? aliuliza Shemasi.

Aliwafungulia wakione. Cheupe, ukingo wa buluu, ndicho Arnetta alichonywea mara ya mwisho. Watu waliotoka Mississippi kama wao hawakuhitaji kuelezwa. Marehemu hupelekewa kaburini chombo chake cha mwisho, kikavunjwa na kuwekwa juu ya udongo.

— Kifunge vizuri, kisije kikavunjika njiani, alisema Posta.

— Si tunakwenda kukivunja, baba?

— Kinavunjwa kule, kaburini.

— Kwa nini tunakivunja?

Posta akachungulia barabara.

— Ndiyo desturi yetu.

— Najua, baba. Nauliza kwa nini.

— Wezi, alidakia Shemasi. Kikiwa kizima kitaibwa.

— Kikombe kimoja, Shemasi? Kaburini? alishangaa Kikaango.

Shemasi akailegeza tai. Hakuna aliyewahi kumwona akiilegeza.

— Mimi mama yangu nilimpelekea taa yake. Taa nzuri. Baba alinishika mkono nikaivunja. Nililia, lakini sikumuuliza.

Kikaango, mwenye jibu la mpaka mwezini, akammiminia Shemasi kahawa.

— Mama yako alijua, alisema Posta. Nimekaa naye jikoni miaka yote hiyo, Verlene, nisimuulize. Nilidhani muda upo. Huko chuoni wanajua?

— Hawajui, baba. Ndiyo kwanza wameanza kuuliza. Mwalimu wetu anazunguka kwa wazee, na kila akirudi anatuambia mmoja hayupo tena.

Posta akakichukua kikombe, akakifunga upya taratibu, akakiweka kifuani ndani ya koti.

— Tukifika, kaburini hatuendi kwanza. Tunaanzia kwa shangazi yako Ozella, mzee wetu aliyebaki huko. Ukamuulize, uandike kwa ajili ya masomo yako hayo, kabla naye hajapelekewa kikombe.

— Hilo ndilo jibu langu, baba?

— Beba sanduku, mwanangu. Basi halitungoji.

Walikuwa wameshafika kwenye kona Kikaango alipolitikisa birika, akalikuta tupu. Shemasi alisimama juu ya benchi, mtu mzima na tai yake, akapaza sauti mtaa mzima ukageuka.

— Verlene! Muulize na habari ya taa!